Neno Alilolisahau Injinia Murithi

Vijana wangu wa ofisini, siku ile mliponikatia keki mliniambia niandike machache kuhusu miaka yangu ya kazi. Nilisema nitaona. Sasa nimekaa nyumbani Runyenjes wiki kadhaa, na nimegundua kwamba maharagwe yakishapaliliwa hayana haja na mtu mpaka magugu yaote tena. Kwa hiyo ninaandika. Vyeo sitavitaja, maana vilikuja kwa kuchelewa na havikubadilisha kiti nilichokalia. Mishahara mnaijua. Nitawaeleza jambo moja ambalo bado huwa nalifikiria nikikoroga uji asubuhi.

Niliajiriwa Embu mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikiwa msichana mwenye cheti cha kupiga chapa na viatu vilivyonibana. Ulikuwa mradi wa maji uliochimba visima sehemu za chini za Mbeere, kule ambako mvua hunyesha ikijisikia. Sikuwa najua chochote kuhusu maji isipokuwa kuyachota. Mkuu wa wapiga chapa alikuwa Madam Ireri, mama mrefu aliyevaa sweta la kijani hata Januari. Siku yangu ya kwanza alinikalisha mbele ya taipureta, akachukua aproni ya jikoni, akafunga kamba yake moja shingoni mwa ile mashine na nyingine shingoni mwangu, mikono yangu ikapotea chini ya kitambaa.

"Andika," alisema.

"Madam, sioni herufi."

"Ndiyo maana. Kichwa kina mambo mengi. Mikono iachiwe kazi yake."

Nilipiga chapa chini ya aproni mpaka vidole vikajua njia. Ninyi mnaotazama kibodi mkiandika, na nimewaona, mngefukuzwa na Madam Ireri kabla ya chai ya saa nne.

Kompyuta ilitufikia baadaye kidogo, moja kwa ofisi nzima. Iliwekwa chumba chake chenye pazia, na tulivua viatu kabla ya kuingia kama watu wanaomtembelea mgonjwa. Madam Ireri aliifumia kitambaa cha maua. Kioo kilikuwa cha buluu na maandishi meupe, na ukitaka kuhifadhi kazi yako ulitumia disketi nyembamba ambayo vumbi la Mbeere lilikuwa adui yake namba moja. Stensili na wino wa mashine ya kunakilishia havikuondoka mara moja. Kwa muda tulikuwa na dunia mbili, na mikono yetu ilinuka dunia ya zamani.

Mtu aliyeipenda kompyuta kuliko sisi sote alikuwa Injinia Murithi. Alikuwa Mmeru wa Kaaga, mwembamba, mtaratibu, kazi yake kupima ardhi na kusema maji yako wapi. Aliandika kwa vidole viwili huku akinong'ona. Nilimwambia mara nyingi aniachie nimwandikie, akakataa. Alisema mawazo yake hayaji akisimama nyuma ya mtu.

Mwaka ninaozungumzia, ukame ulikuwa umekaa Mbeere kwa misimu kadhaa. Mradi ulipata nafasi ya kuazima mtambo wa kuchimba visima uliokuwa ukifanya kazi wilaya nyingine. Ungetufikia, ungechimba mahali tungeuonyesha, kisha ungeendelea na safari yake. Ukikuta hatujajua pa kuchimba, usingesubiri. Kwa hiyo Injinia alikaa wiki nyingi nyanda za chini na chombo cha kupimia alichoazima Nairobi, akatafuta sehemu zenye maji chini ya mwamba. Aliporudi aliandika ripoti yake, na hapo ndipo wageni walipoanza.

Kila mtu alitaka kisima kiwe karibu na kwake. Walikuja wazee, walikuja walimu wakuu, alikuja diwani mmoja mara nyingi kuliko wote. Diwani huyu alikuwa mchangamfu, aliyejua jina la mama yako na la ng'ombe wako. Aliniletea maembe.

"Muthoni, msichana wangu," aliniambia, "hiyo ripoti ikipita mkononi mwako, nichungulie tu. Sitaki kubadilisha kitu. Nataka kujiandaa."

Injinia alimsikia kutoka chumba cha kompyuta. Diwani alipoondoka, alitoka mlangoni akicheka peke yake.

"Huyu mzee angeweza, angechimba kisima chini ya kitanda chake," alisema. "Njoo uone kitu, Muthoni."

Alinionyesha jinsi programu ile ilivyoweza kufunga faili kwa neno la siri. Unabonyeza mahali fulani, inakuuliza neno, unaliandika, inakuuliza tena kuhakikisha. Kioo hakionyeshi kitu. Unaandika gizani.

"Paswadi yako ni gani?" nilimuuliza baada ya kufunga.

"Nikikwambia, diwani atakuuliza, na wewe hujui kudanganya."

Hilo lilikuwa kweli. Alikataa pia kuchapisha hata nakala moja. Alisema karatasi ikishatoka kwenye printa haiulizi ruhusa ya kutembea. Ripoti angeifungua yeye mwenyewe mbele ya kamati ya mradi, siku mtambo ukikaribia.

Siku chache baadaye alirudi Mbeere kumalizia kitu kidogo. Mto Ena ulikuwa umejaa ghafla kwa mvua iliyonyesha juu mlimani, gari likakwama katikati, na mkoba uliokuwa na karatasi zake za vipimo ukalowa hadi wino wote ukawa doa moja. Injinia mwenyewe alitoka salama. Hakuhuzunika sana, maana kila kitu kilikuwa tayari ndani ya kompyuta. Kisha akashikwa na malaria, ikapanda kichwani.

Ndugu zake walimpeleka hospitali ya Meru awe karibu na nyumbani. Alikaa siku kadhaa bila kumtambua mkewe. Tulimwombea ofisini, na sitawaficha, katika maombi yale ripoti haikutajwa hata mara moja. Ilianza kutajwa alipofumbua macho.

Meneja wetu, Bwana Njeru, alinituma kumwona baada ya kuruhusiwa kwenda nyumbani Kaaga. Nilimkuta kwenye kiti barazani, blanketi magotini, uso umekuwa mdogo. Mkewe, Mama Mwenda, alinipa kiti na chai. Injinia alinitambua. Aliuliza habari za Madam Ireri. Nikamuuliza neno la siri.

"La nini?" alisema.

"La ripoti, Injinia. Ripoti ya visima."

Alinitazama kwa adabu, kama mtu aliyeulizwa njia ya mji asioujua. Alikumbuka kwamba aliazima chombo cha kupimia. Alikumbuka akikipakia garini. Baada ya hapo kulikuwa na taa ya hospitali. Wiki zote za Mbeere, ripoti, mto Ena, yote yalikuwa yameondoka.

"Si kwamba nimesahau," alisema. "Nikisahau kitu huwa najua kuna kitu. Hapa hakuna hata pengo."

Mama Mwenda alinisaidia kufikiria. Tuliandika majina ya watoto wao, ya kanisa, ya shule aliyosoma, ya ng'ombe wao wa maziwa. Nilirudi Embu nikayajaribu yote, kwa herufi na kwa namba, kwa Kimeru, kwa Kiswahili, kwa Kiingereza. Kila mara kompyuta ilijibu kwamba faili imefungwa. Haikukasirika wala haikuchoka, na hilo ndilo lilinichosha mimi. Disketi ya akiba nayo ilikuwa na faili ile ile, imefungwa vile vile. Tulipiga simu kwa waliotuuzia programu, wakatueleza kwa fahari kwamba neno likipotea hata wao hawawezi kuifungua. Dereva alijua alikoegesha gari kila siku, basi. Toka hapo Injinia alikwenda kwa miguu.

Diwani akapata habari. Alikuja ofisini na kofia mkononi, sauti ya pole.

"Bwana Njeru, huu ni mkosi wa Mungu," alisema. "Lakini mashine inakuja. Sisi viongozi tutakaa chini, tutaelewana pa kuchimba. Wananchi wanataka maji, hawataki kompyuta."

Kuchimba bila vipimo katika mwamba ule ni kutoboa mawe, na muda wa kupima upya haukuwepo. Tulikuwa na visima vikavu vya kutosha vya kutukumbusha, vyenye mabamba ya ufunguzi na majina ya wageni wa heshima.

Mimi nilirudi Kaaga, safari hii bila kutumwa. Nataka mwelewe kwamba hofu nilikuwa nayo, lakini udadisi ulikuwa mkubwa zaidi. Neno lilikuwa ndani ya mtu yule au halikuwa. Kama lilikuwa, lilikaa wapi? Nilikaa barazani nikizungumza naye habari za ofisi, za bei ya miraa, za binti wa dereva anayeolewa Nchiru. Nikaona jambo. Alipokuwa akifikiria, vidole vyake viwili vya mbele viligongagonga blanketi, kimoja huku, kimoja kule, kama alivyokuwa akiandika.

Nilimweleza Madam Ireri. Alivua miwani, akaifuta kwa sweta.

"Mpelekee kibodi," alisema.

"Bila kompyuta?"

"Kompyuta ya nini? Anayejua si kompyuta."

Kibodi mpya ilikuwa imeletwa wakati Injinia akiwa hospitalini, na ya zamani ilikuwa imetupwa stoo. Niliifunga ile ya zamani kwenye leso nikaenda nayo. Mama Mwenda alipoiona ikitoka kwenye kikapu changu, waya ukining'inia, alimtazama mumewe, kisha akanitazama mimi, kisha akaenda kuleta chai nyingine.

Nilimwekea Injinia kibodi magotini. Nilimwomba aandike jina lake, akaandika. Aandike barua ya kuomba likizo, akaandika, akinong'ona. Mbele yake hakukuwa na kioo, lakini macho yake yaliinuka kila mara kuangalia ukuta. Nilimwacha mpaka mabega yakalegea. Kisha nikasema kwa sauti ya kawaida, "Injinia, umemaliza ripoti. Diwani ametoka sasa hivi. Ameniletea maembe."

Akatabasamu, sijui kwa nini.

"Ifunge," nilisema.

Vidole vikaenda. Miaka yote ya aproni ilinifunza kusoma vidole vya mtu, na nilivisoma. W. A. Z. I. Kidole kikagusa R, macho yakapanda ukutani, kidole kikarudi kikaikandamiza R kwa nguvu. Kisha I. Akatulia.

"Umeandika waziri," nilisema.

"Waziri gani?" aliniuliza.

Aliitazama mikono yake kama si yake. Mama Mwenda alisema kutoka mlangoni kwamba mumewe hapendi siasa hata kidogo, redio ikianza hotuba huizima. Injinia aliandika tena, mara hii akijiangalia, na vidole vikapotea njia. Ile mara ya kwanza tu ndiyo vilijua.

Nilifika Embu na neno langu. Bwana Njeru na Madam Ireri walisimama nyuma yangu bila viatu. Nikaandika waziri. Faili imefungwa. Nikaandika kwa herufi kubwa. Nikaandika mawaziri. Nikaandika waziri mkuu, ingawa wakati ule nchi haikuwa naye. Bwana Njeru alitoka nje akasimama kwenye jua.

Nilitaka kulia. Madam Ireri alivuta kiti.

"Nionyeshe alivyoandika. Usiniambie, nionyeshe."

Nikamwigiza Injinia. W, A, Z, I, kidole kwenye R, macho juu, kidole tena kwa nguvu, I.

"Kwa nini unaangalia juu?"

"Yeye aliangalia juu."

"Kuona nini?"

Nikaitazama kibodi mpya iliyokuwa mbele yangu. Ile ya zamani nilikuwa nimeitumia mimi mwenyewe. R yake ilikuwa nzito, vumbi liliingia chini yake. Ukiigusa kawaida haikuandika kitu, na hata kwa nguvu mara nyingine iligoma. Sote tulikuwa na tabia hiyo bila kuijua: unagusa R, unatazama kioo, ukiona haijatokea unairudia kwa nguvu. Lakini neno la siri halionekani kiooni. Siku ile Injinia aliandika gizani, mara mbili, na hakuwa na njia ya kuona kama R imeingia au haikuingia. Kompyuta ilikuwa imehifadhi kile ilichopokea. Kibodi mpya, yenye R nzima, ilikuwa inaandika neno sahihi, na neno sahihi halikuwa lenyewe.

Niliandika kwanza kwa R mbili. Imefungwa. Kisha nikaandika bila R kabisa: wazii. Kompyuta ikakoroma ndani kidogo, taa ya disketi ikawaka, na kioo kikajaa maneno.

Madam Ireri aliniwekea mkono begani, akauacha hapo, huku mimi nikisoma ukurasa wa kwanza bila kuelewa hata sentensi moja. Kisha akaenda mlangoni kumwita Bwana Njeru.

Mambo yote yalikuwamo: sehemu za kuchimba, kina, alama za miti na mawe. Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa shukrani, na hapo ndipo tulipokutana na Waziri. Injinia alimshukuru mama mmoja mzee aitwaye Ruguru, aliyemwongoza kwa wiki zile sehemu ambazo gari halikufika, pamoja na punda wake, Waziri, aliyebeba vyombo vyote na ambaye, aliandika Injinia, hakuna binadamu aliyeweza kumharakisha.

Ripoti ilisomwa mbele ya kamati. Kisima cha karibu na kwa diwani kilikuwepo, lakini kilikuwa kwenye kiwanja cha shule, upande wa pili wa korongo. Diwani alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza kama vipimo haviwezi kukosea. Bwana Njeru akamjibu kwamba vinaweza, ila si kwa kupenda. Diwani akacheka na wengine, na sikuletewa maembe tena.

Mtambo ulipofika, Injinia alikuja kutoka Kaaga na fimbo, akiwa bado anachoka haraka. Alitaka kuona nchi aliyoandika habari zake. Alikuwa ameisoma ripoti kama kazi ya mtu mwingine, na alikiri kwangu kwamba aliiona nzuri. Tulipofika kisima cha kwanza, mama mzee aliyejifunga leso mbili alitoka kwenye kundi la watu akaja moja kwa moja kwake, akamshika mikono yote miwili.

"Murithi, umekonda," alisema kwa Kiswahili chake cha Kimbeere. "Nilikwambia usilale nje pale mtoni. Mbu hawa hawana haya."

Injinia alimtazama. Nilimwona akitafuta, na niliona hakupata.

"Nisamehe, Cucu," alisema, akimwita bibi kwa lugha za kwetu. "Nilikuwa mgonjwa. Sikukumbuki."

Mama yule aliiachia mikono yake. Alirudi nyuma hatua moja, akaumia, ilionekana. Nikamweleza habari ya malaria, jinsi wiki zile zote zilivyofutika, na kwamba jina la punda wake ndilo lililofungua kazi. Alisikiliza huku akimkagua Injinia usoni, kama anayetafuta jeraha.

"Hata kuku wangu uliyemla?"

"Hata kuku."

"Hata siku tuliyogombana, ukanitupia kofia?"

"Mimi?" alisema Injinia. "Nilikutupia kofia?"

"Keti chini," alisema Cucu Ruguru.

Wakaketi juu ya jiwe chini ya mgunga. Alianza siku ya kwanza, gari lilipomshusha, na akasimulia kila kitu kwa mpangilio: walikolala, alichoimba, alivyoogopa fisi, alivyozungumza habari za watoto wake, neno alilosema kuhusu baba yake aliyefariki. Injinia aliinamisha kichwa akasikiliza. Mara nyingine aliuliza swali dogo. Mara moja aliomba kitambaa changu.

Mchana mtambo ulibadilisha sauti. Kwanza lilitoka tope la kijivu, likarushwa juu, kisha maji, machafu, halafu meupe kidogo. Watu walikimbia na madebe kabla mafundi hawajawazuia. Nilimgeukia Injinia kumwita aje aone. Aliinua mkono kuonyesha ameona, kisha akamrudia yule mama.

"Endelea, Cucu," alisema. "Tulipofika kwenye yale mawe meusi, nilikwambia nini?"